Nani Atampelekea Babu Maneno

Tukuyu,
jioni, kesho unasafiri

Tusekile mwanangu,

Kukuuliza hujambo itakuwa kichekesho, maana nakusikia chumba cha pili unavyofungua na kufunga hilo sanduku. Sweta umeshalitia na kulitoa hata sanduku limechoka. Liache humo. Dar es Salaam kuna joto, sawa, lakini kabla ya Dar kuna Makambako na baridi yake. Hilo ndilo agizo langu la kwanza na la mwisho. Mengine yote, ya kuchemsha maji, ya kuficha nauli, ya kutopokea soda ya mtu usiyemjua kwenye basi, shangazi yako ameshakuambia, na kesho stendi atayarudia mbele za watu.

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo utanikatiza. Jumapili tulipotoka kanisani uliniuliza, "Mama, kwani nikiomba nafasi yangu ya chuo isogezwe hadi mwakani? Nibaki kwanza na babu." Nikajifanya natafuta funguo ya mlango kwenye mkoba, na funguo nilikuwa nayo mkononi. Sikukujibu. Nikisema kweli tupu, nusu ya moyo wangu ilifurahi. Leo jibu ninalo, ila naomba uniache nilifikie taratibu.

Najua kinachokushika. Baba yako na lori lake la ndizi yuko barabarani siku nyingi kuliko nyumbani. Kaka yako ameenda kuchimba dhahabu Chunya, na barua zake ni chache kama nyama kwenye mchuzi wa harusi. Tunabaki mimi na babu yako kwenye ua mmoja, na sisi wawili hatusemezani. Ukiondoka, nani atampelekea babu chai, na nani atampelekea babu maneno?

Nitaandika hata unayoyajua, kwa sababu huko uendako utapata marafiki wa Tanga na wa Bukoba, wataona barua hii kitandani na kuuliza, na wewe ukianza kueleza watacheka. Basi wasome wenyewe. Babu yako ni baba mkwe wangu. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamwamkii, hali naye, hakai anapokaa, na jina lake halitamki. Mimi sijalitamka tangu nilipoletwa hapa kutoka Masoko, na hata kwenye karatasi hii sitaliandika, mkono wenyewe unakataa. Tunaiita kuogopa, lakini ni heshima. Siku hizi wapo walioacha. Mchungaji alishahubiri kwamba mkwe na mkamwana wanaweza kupeana mikono bila dhambi yoyote. Sisi tulimwitikia amina, tukarudi nyumbani tukaendelea.

Ndipo ulipokuja wewe. Ulipoanza tu kutembea bila kuanguka ukawa ndiyo njia yetu. Nilikuwa nakutuma kutoka jikoni, "Mwambie babu chakula tayari." Jiko langu na nyumba yake vinatazamana, na sauti yangu unaijua, alikuwa ameshasikia. Lakini alikaa kimya akingoja umfikie.

"Babu, mama anasema chakula tayari."

"Ndaga fijo, asante sana. Muulize ni nini leo."

"Mama, babu anauliza ni nini leo."

"Mwambie ni mbalaga."

Na harufu ya zile ndizi na maharage ilishajaa ua mzima, hata jirani alijua. Siku moja ulinuna katikati ya ua, ukaweka mikono kiunoni, ukasema, "Si mmesikiana nyote wawili?" Mimi nilijiinamia kwenye moto, na upande wa pili nikasikia mtu anakohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

Njiani ndiko kulikuwa na kazi. Nikimwona babu anakuja kutoka mjini, ilikuwa lazima nipishe, na kupisha kwenyewe si kusogea pembeni kidogo, ni kutoweka. Kwenye shamba la chai unajificha, kwenye migomba unajificha. Kwenye barabara ya sokoni utajificha wapi, na maduka yamesimama pande zote? Nilikuwa naruka mtaroni. Nimeruka mtaroni na beseni la maparachichi, nimeruka na wewe mgongoni, nimeruka siku ya Pasaka na kitenge kipya, nikatoka nimepakwa tope hadi kwenye masikio. Naye akipita anaangalia mbele, hatazami kulia wala kushoto, ili nisiaibike. Miaka ya mwanzo niliamini hanipendi. Nililia kwa ajili hiyo, mjinga mimi, nikadhani mtu asiyenitazama ni mtu aliyenidharau. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba yule mzee alikuwa anajua kila ninapopita, na alikuwa akipunguza mwendo makusudi ili nipate nafasi ya kuruka vizuri.

Sasa nikuambie habari za uwanja wa ndizi, kwa sababu wewe ulikuwa mdogo na unakumbuka mwavuli tu.

Ulikuwa wakati wa ruksa, kila kitu kimefunguliwa. Ghala la ushirika lilibaki tupu, kahawa ikawa inanunuliwa na yeyote mwenye gari na mizani. Mitumba ikajaa, mabasi ya watu binafsi yakaanza kugombania abiria stendi, na malori ya Dar yakaanza kupanda kwetu kufuata ndizi. Kuna watu mpaka leo wanalalamikia ruksa asubuhi na jioni. Mimi silalamiki sana. Mwanamke wa kijiji cha Suma au cha Nkunga ambaye zamani ndizi zake ziliozea mgombani, ghafla akawa na mnunuzi anayemsubiri mjini. Kilichonikera ni kwamba kila mtu alipewa ruksa ya kujenga, na hakuna aliyepewa kazi ya kuuliza maji ya mvua yapite wapi. Na wewe unaujua mji huu. Hapa mvua haipigi hodi.

Kando ya uwanja kulikuwa na mwenye duka la mabati. Alitaka malori yafike hadi mlangoni pake, basi akamwaga zege juu ya mtaro. Mvua za mwanzo tu, uwanja wa ndizi ukageuka bwawa. Tukauzia ndani ya maji, mikungu inaelea, wanunuzi wanafika wanageuza. Wakubwa wa mji wakaja na mabuti yao, wakatazama, wakasema mtaro umezibwa na majani ya migomba yanayotupwa na akina mama. Wakataka tuhamishiwe bondeni, kule chini ambako lori likishuka wakati wa masika halipandi mpaka jua la Juni.

Mkutano ukaitishwa kwenye lile ghala tupu la ushirika. Mwenyekiti wa mtaa wakati huo alikuwa ni nani? Babu yako. Tulijaa akina mama nyuma kabisa, na robo tatu yetu tulikuwa na mkwe au ndugu wa mkwe mle ndani. Tulikaa tumefunika vichwa, tumetazama ukutani. Wanaume wakasema yao. Mwenye mabati akasema yake. Akauliza mtu, "Akina mama mnasemaje?" Kimya. Wakaandika kwamba akina mama hawana pingamizi, wakaahirisha uamuzi hadi mkutano ujao kwa sababu mvua ilikuwa inagonga bati hata hawasikilizani.

Nilirudi nyumbani nimefura. Maneno ambayo sikuyasema ghalani niliyasema yote jikoni. Niliyaambia masufuria, nikayaambia mafiga, nikayarudia. Wewe ulikaa mlangoni unachambua maharage na macho yamekutoka. Kisha ukaitwa kule kwa babu, ukarudi.

"Mama, babu anauliza, hayo unayoyaambia masufuria, mkutanoni huwezi kuyasema?"

Nikakuambia, "Mwambie babu anajua kwa nini siwezi."

Ukaenda, ukarudi. "Babu amesema 'mh.'"

Hilo tu. Mh. Nililala na hiyo mh yake siku kadhaa, nikijiuliza kama nimevunja heshima.

Mkutano wa pili nilikwenda na wewe, unakumbuka. Mvua ilikuwa ile ile, na paa la ghala lilikuwa linavuja sehemu mbili tatu, lakini mezani pale alipokaa babu palikuwa pakavu. Akafungua mkutano kwa sala. Akamaliza. Kisha akachukua mwavuli wake mweusi, ule mkubwa wa kwendea mazishini, akaufungua mle mle ndani, akaulaza mbele ya uso wake mpaka akafunikwa kichwa na kifua. Watu wakatazamana. Katibu akamnong'oneza, "Mzee, hapa hapavuji."

"Mimi naona panavuja," akasema babu kutoka nyuma ya mwavuli. "Tuendelee. Kama kuna mama mwenye neno aseme. Mimi hapa nilipo simwoni mtu."

Tusekile, sijui nilisimamaje. Nakumbuka wewe umenishika kitenge. Nilikuwa sijawahi kusema neno lolote yeye akiwa anasikia bila kupitia kwako. Nikafumba macho, maana niliona kama yeye amejificha, na mimi nijifiche kidogo.

Nikasema, "Majani ni yetu. Tusidanganyane. Tunateremsha mikungu, majani tunayatupa, mvua inayasukuma mtaroni, na hilo ni kosa letu akina mama. Lakini yanakwenda kukwama wapi? Yanakwama chini ya zege la dukani, kwa sababu pale mtaro umebanwa hata maji yenyewe yanapita kwa shida. Nimeingia kwenye mtaro ule mara nyingi kuliko mtu yeyote humu ndani, na wote mnajua kwa nini."

Ghala zima likaangua kicheko. Nikafumbua macho, nikaona mwavuli unatikisika.

Nilipoona mwavuli unacheka nikapata nguvu. Nikawaambia kwamba bondeni hatuendi, kwa sababu mwanamke aliyebeba mkungu kichwani kutoka Suma hakuja kuangalia lori limezama kwenye tope. Mwenye duka avunje zege, aweke daraja la mbao kama anataka malori mlangoni, na sisi kila siku ya soko tutafagia na kuzoa majani kwa zamu, kijiji hiki leo, kile kesho, na asiyefagia asiuze. Mama mmoja wa Nkunga akasema, "Kweli kabisa." Mwingine naye akasimama. Baada ya hapo wakawa hawanyamaziki, hata mimi nikatamani wanyamaze.

Babu akagonga meza. "Kuna sauti imesema," akasema, mwavuli bado uko mbele. "Sijui ni ya nani na sina haja ya kujua. Mwenye duka, umeisikia?"

"Nimeisikia, mzee."

"Unasemaje?"

Yule bwana akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu, alikuwa mtu mwenye haraka. Akasema, "Kama watafagia kweli, nitalivunja."

Alilivunja. Tukafagia. Tunafagia mpaka leo, na uwanja uko pale pale, na malori yanapanda. Usiende Dar ukasimulia kwamba kila kitu kimenyooka. Choo cha soko bado ni aibu, wanaonunua maziwa bado wanapunja wafugaji, na vijana wanaopakia ndizi wanatukana mno. Lakini nikipita pale siku ya soko, nikaona ule mtaro maji yanakimbia, najivuna. Najivuna waziwazi, sifichi. Huu ni mji mdogo ambao watu wake walikaa ndani ya ghala bovu wakakubaliana bila mtu kutoka nje kuja kuwaamulia. Ukikutana na wanaokucheka kwamba unatoka Tukuyu kwenye tope, waache wacheke, kisha waulize mtaro wa kwao nani anaufagia.

Na kuna jambo ambalo huenda umelisahau. Wapimaji walipokuja kupima mahali pa kupanua mtaro, walikuwa na kamba na vigingi. Mmoja alikupa wewe ushike ncha ya kamba. Mvua ikaja, wakakimbilia barazani, wakakuita, wewe ukabaki umesimama pale umeishika, umelowa chapachapa, kwa sababu hakuna aliyekuambia uiachie. Nilikuchapa kidogo kwa kulowa. Ningejua kwamba namchapa mpima ardhi nisingekugusa.

Sasa unakwenda kusomea kupima ardhi. Shangazi anasema kazi gani hiyo ya mwanamke kuvuta minyororo ya kupimia kwenye mashamba ya watu. Mimi najivuna hata usingizi unakimbia. Nitakuomba kitu kimoja tu juu ya kazi yako. Utakapofika kwenye mtaa wa watu na ramani yako, ukaitisha mkutano, ukauliza, na watu wa nyuma wakanyamaza, usiandike kwamba hawana pingamizi. Kaa kidogo. Tafuta kinachowaziba midomo. Huenda ni mtu mzima aliyekaa mbele ambaye kwa heshima hawawezi kusema mbele yake, na huenda mtu huyo mwenyewe anatamani wamwambie. Kila mahali patakuwa na namna yake ya kulifungua hilo, na kuitafuta namna hiyo ndiyo sehemu ya kazi isiyofundishwa chuoni.

Nimefika kwenye jibu lako.

Leo mchana ulikwenda kuwaaga wenzako. Babu alikuwa ndani kwake. Macho yake siku hizi unayajua, anatofautisha mchana na usiku na si zaidi sana. Nikamsikia anaita, "Tusekile!" Kisha, "Tusekile, chai!" Nikatoka jikoni nikatazama njia, hukuwepo. Akaita tena, na mara hii sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayeita akijua kwamba kuanzia kesho ataita bure. Ile sauti ilinichoma, mwanangu. Nikamimina chai. Nikavuka ua. Nilikuwa nimepanga niiweke kizingitini nigonge mlango nikimbie, nilivyozoea.

Sikukimbia. Nilisimama mlangoni na kikombe.

"Nani?" akauliza.

Ningeweza kunyamaza. Hapakuwa na mwavuli, hapakuwa na watu, hapakuwa na wewe. Nikasema, "Ni mimi, baba. Nimeleta chai."

Nilisimama pale hata chai ikaacha kutoa mvuke. Nikaanza kujuta. Nilikuwa nawaza shangazi zako watasema nini, na kama nimemvunjia heshima mzee wakati wa uzee wake. Kisha akapapasa benchi pale pembeni yake, akalipangusa kwa kiganja kama anaondoa vumbi.

"Ingia ukae, Subilaga," akasema. "Mtoto anaondoka kesho, na mimi chai naipenda ya moto."

Subilaga. Jina langu la kwetu Masoko, ambalo tangu nilipoanza kuzaa hakuna mtu katika ua huu aliyeniita. Nilikuwa sijui kwamba analijua. Nilikaa, na sikuona aibu kulia, kwa sababu haoni, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anapangusa macho. Tulikunywa chai. Akaniuliza mtaro unaendeleaje. Nikamwambia. Akaniuliza kama zamu ya Nkunga bado wanafagia vibaya, nikamwambia ni wale wale. Ulipoingia uani ukatukuta kila mtu mahali pake, ukadhani ni siku kama nyingine.

Panda basi, mwanangu, na usigeuke nyuma kwa ajili yake wala kwa ajili yangu. Huku nyumbani tunaongea.

Mama yako